Chumba Kipana Melini, Ni Cha Nani?

Wengine wenu mtashangaa kuona jarida la vikundi vya kujisaidia likizungumza juu ya meli za watalii. "Sisi na meli, wapi na wapi?" Ngojeni kidogo. Kuna vijana wetu wanaofanya kazi katika meli hizo, wengine jikoni, wengine kwa usafi wa vyumba. Kuna wazazi ambao watoto wao wako Marekani au Uingereza, na siku moja simu inapigwa: "Mama, jiandae, tunataka kukutembeza baharini." Na hata kama wewe hutapanda meli maisha yako yote, shida hii huenda iko hapo katika jumba la kikundi chenu. Tutafika huko.

Shida yenyewe ni hii. Kila meli kubwa ya matembezi ina vyumba vichache vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaotumia viti vya magurudumu. Vyumba hivi ni vipana kuliko vingine, na bei yake ni sawa na vingine vya daraja lake. Basi watu wenye afya zao na miguu yao mizima wameligundua hilo. Wanashika nafasi mapema, wanalala kwa raha, na mlemavu akija kuuliza anaambiwa vyumba vimekwisha.

Je, hiyo ni hatia, au ni ujanja tu wa msafiri? Wengi husema, "Mimi nimelipa pesa yangu kama mtu mwingine yeyote." Tuangalie kwanza meli yenyewe ilivyo, ndipo tuweze kujibu.

MELI NI HOTELI INAYOTEMBEA

Meli ya matembezi ni hoteli inayoelea juu ya maji. Nyingi hubeba watu elfu mbili au tatu, na zile kubwa kabisa hupita elfu tano. Ndani kuna mikahawa, maduka, mabwawa ya kuogelea, hata daktari. Meli za aina hii hutia nanga Mombasa pia, na watalii wake hushuka kwenda kutazama Fort Jesus au kupelekwa mbugani.

Uzuri wake ni kwamba msafiri hulala chumba kile kile safari nzima, na meli ndiyo inayotembea. Leo bandari hii, kesho bandari ile, lakini mzigo wako uko pale pale chini ya kitanda. Sasa fikiria mtu ambaye hawezi kutembea. Akisafiri kwa basi, kila siku ni kubebwa juu na kushushwa, kila jioni hoteli mpya ambayo hajui kama mlango wake utampitisha. Kwa meli anaingia mara moja tu. Ndiyo sababu walemavu wengi wa Marekani na Ulaya hupenda sana safari hizi, na wazee pia. Kwa wengine wao ndiyo safari pekee wanayoiweza.

Lakini kuna sharti moja: apate chumba kinachomwingiza.

KWA NINI CHUMBA CHA KAWAIDA HAKIFAI

Ndani ya meli kila hatua ya sakafu ni pesa, kwa hivyo vyumba hubanwa. Chumba cha kawaida kisicho na dirisha huwa na mita 15 za mraba hivi, pamoja na choo na bafu. Kati ya kitanda na ukuta mtu hupita upandeupande. Mlango wa choo katika meli nyingi haufiki hata sentimita 65, na pale chini kuna kizingiti cha kuzuia maji yasimwagike chumbani meli ikiyumba.

Kiti cha magurudumu cha mtu mzima kina upana wa sentimita 65 hivi, na vingine huzidi hapo. Hesabu si ngumu. Mwenye kiti akipewa chumba cha kawaida, anaweza kufika kitandani kwa shida, lakini chooni hafiki. Siku saba baharini bila kufika chooni! Wako waliotambaa sakafuni, na wako waliobebwa na mke au mtoto kila wanapohitaji kujisaidia. Mtu mzima hasahau aibu ya namna hiyo.

Tena kuna jambo la usalama ambalo watu wengi hawalifikirii. Kiti kisipoingia chumbani hakiwezi kuachwa nje ukumbini. Njia za kupita katikati ya vyumba ni nyembamba, na moto ukitokea usiku mamia ya watu watapita hapo wakikimbilia mashua za kuokolea. Kwa hivyo mabaharia hawaruhusu kiti wala kigari cha betri kikae njiani. Na kama hakiruhusiwi njiani, na chumbani hakiingii, basi mwenyewe hana pa kukiweka. Kampuni inaweza hata kumkatalia asiingie melini nacho.

Chumba cha walemavu kimepangwa kwa kufikiria hayo yote. Mlango una sentimita 80 au zaidi. Ndani kuna nafasi ya kugeuza kiti, duara ya mita moja na nusu hivi. Chooni hakuna kizingiti. Unaingia na kiti chako moja kwa moja mpaka chini ya shawa, na hapo kuna kikalio kilichofungwa ukutani. Kuna vyuma vya kushikilia pande za choo. Fimbo ya kutundikia nguo iko chini, si juu ya kichwa. Nafasi yote hii inafanya chumba kiwe kikubwa kwa robo, na pengine hata nusu, kuliko cha jirani.

Na hapo ndipo tamaa inapoingia. Familia yenye mtoto mchanga inaona, "Hapa kigari cha mtoto kitaingia." Mtu mnene anaona bafu pana. Mwingine hana sababu yoyote ila anapenda nafasi. Anampigia wakala, au anajiwekea mwenyewe kwa kompyuta, anabonyeza hapo penye alama ya kiti cha magurudumu, na mambo yameisha.

Vyumba hivyo ni vingapi? Katika meli yenye vyumba elfu moja, huenda vikawa ishirini au thelathini. Yaani viwili au vitatu katika kila mia. Na walemavu wenye uzoefu huwahi kuvishika mwaka mmoja kabla ya safari, kwa sababu wanajua vitakwisha. Tena hivyo vichache vimegawanywa kwa madaraja: vingine visivyo na dirisha, vingine vyenye roshani, vingine vya bei ambayo mtu wa kawaida haigusi. Kwa yule mwenye pesa kidogo, huenda vilivyobaki kwa daraja lake ni viwili tu.

Sasa linganisheni. Mtu mzima akikosa kile chumba kipana, ana vyumba mia tisa na kitu vya kuchagua. Mwenye kiti akikikosa, hana hata kimoja. Mmoja amekosa raha ya kunyoosha miguu. Mwingine amekosa bahari yote.

"LAKINI KILIKUWA TUPU!"

Hili ndilo jibu tunalosikia mara nyingi, na si la kupuuzwa. Mtu husema, miezi sita kabla ya safari chumba kilikuwa hakina mtu, kwa nini kikae bure?

Wanavikundi mnajua jibu kuliko mtu yeyote. Je, zile pesa za msiba mlizoweka katika sanduku la kikundi, ziko bure? Mwezi mzima zimekaa, hakuna aliyefiwa. Akija mwanachama akisema, "Nipeni ninunulie kochi, si zimelala tu," mtamjibuje? Mtamwambia pesa hizo hazikulala, zinamngoja mwenyewe ambaye hatujamjua bado. Chumba cha mlemavu ni hivyo hivyo. Kukaa kwake wazi ndiyo kazi yake mpaka siku ya mwisho.

Siku ya mwisho, ndiyo. Maana hakuna anayesema chumba kiende baharini kitupu huku watu wanataka nafasi. Hapa sheria ya Marekani imepata njia nzuri, na inafaa tuieleze.

SHERIA ILIVYOFIKA MELINI

Marekani ilitunga sheria kubwa ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 1990. Lakini meli nyingi za matembezi, hata zile zinazopakia abiria huko huko Marekani, huandikishwa nchi nyingine kama Bahamas au Panama na kupeperusha bendera za nchi hizo. Wenye meli walisema sheria hiyo haiwahusu. Abiria walemavu waliopandia Houston, Texas, pamoja na wenzao, wakaishtaki kampuni ya Norwegian Cruise Line. Walilalamika, pamoja na mengine, kwamba walitozwa zaidi kwa ajili ya vyumba vinavyowafaa. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo, na Juni 2005 mahakama ikasema sheria inazihusu meli za kigeni zikiwa katika maji ya Marekani, ingawa haikuagiza meli zibomolewe na kujengwa upya.

Kisha mwaka 2010 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikatoa kanuni za meli za abiria, na kuna kifungu kizima juu ya vyumba hivi. Kinasema mambo haya, kwa maneno yetu wenyewe.

Kampuni lazima ivizuie vyumba vya walemavu mpaka vyumba vingine vyote vya daraja hilo viwe vimechukuliwa. Hapo ndipo vinaweza kupewa mtu yeyote. Mlemavu akishika chumba, chumba kile kile kinafutwa katika orodha, asije akafika bandarini akaambiwa kimepewa mtu mwingine. Na anayetaka chumba hicho lazima aulizwe kama ana ulemavu unaohitaji vifaa vilivyomo. Kampuni ikitaka, inaweza kumtaka aandike na kutia sahihi kwamba ni kweli. Ikiwa na sababu nzuri ya kushuku udanganyifu, ni lazima ichunguze. Na aliyedanganya anaweza kukataliwa kusafiri.

Angalieni vizuri hapo. Kanuni yenyewe imetaja waziwazi kwamba kuna watu wasio na ulemavu wanaotafuta vyumba hivyo kwa sababu ya ukubwa wake. Kama mambo hayo hayangekuwa yakitokea, nani angeyaandika?

Je, kanuni imemaliza ujanja? Haijamaliza. Swali likiulizwa, mtu anaweza kusema uongo bila haya. Na karani ambaye anataka kuuza haulizi mara mbili.

USIHUKUMU KWA MACHO

Tunapaswa kutoa onyo hapa, kwa sababu sisi watu wa kanisa hatukawii kunyooshea watu vidole. Si kila mwenye haki ya chumba hicho amekaa juu ya magurudumu. Kuna anayetembea kwa magongo. Kuna mwenye ugonjwa wa viungo ambaye asubuhi anatembea vizuri, jioni hawezi kuinuka chooni bila kushika chuma. Kuna mtu mwenye mguu wa bandia: mchana amevaa suruali na hujui kitu, lakini akienda kuoga anauvua, na bila kile kikalio cha ukutani ataanguka. Ukimwona anatoka katika chumba hicho akitembea, utasema ni mwizi. Si mwizi.

Vilevile familia ya mlemavu ina haki ya kulala naye humo. Mtoto wako akikuwekea chumba hicho kwa sababu wewe mama yake huwezi kutembea, halafu yeye na mumewe wakalala nawe, hakuna kosa hapo. Kosa ni kutumia jina la mama kushika chumba kipana, kisha mama apelekwe chumba kingine chembamba na vijana wabaki kwa kile kipana. Tunasema hivyo kwa sababu binadamu ni binadamu.

Kuna pia wale wanaolipa bei ya chini na kuiachia kampuni iwachagulie chumba chochote kilichobaki. Mtu kama huyo anaweza kujikuta kapewa chumba cha walemavu bila kuomba. Hakufanya kosa. Lakini akigundua mapema, jambo la kiungwana ni kupiga simu na kusema, "Sihitaji hiki, mkipata mwenye kukihitaji nihamisheni." Baadhi ya kampuni hata huandika katika masharti yao kwamba zinaweza kumhamisha mtu wa namna hiyo. Asikasirike akihamishwa.

Kwa hivyo, ukialikwa safari ya meli, mambo ni hivi. Kama miguu yako ni mizima, mwambie anayekulipia asibonyeze ile alama ya kiti. Kama una ulemavu, sema mapema, sema waziwazi, na utaje vipimo vya kiti chako: upana, urefu na uzito kikiwa cha betri. Omba nambari ya chumba iandikwe. Uliza pia kama meli itafunga gatini katika kila bandari, ama itasimama mbali na watu kushushwa kwa mashua ndogo, kwa sababu mashua hizo mara nyingi hazichukui viti vya magurudumu na utabaki melini ukitazama mji kwa mbali.

WALE WALIOZIBA MLANGO

Katika Injili ya Marko, sura ya pili, tunasoma juu ya mtu aliyepooza aliyebebwa na watu wanne. Sisi huwasifu wale wanne kwa kutoboa paa, na ni haki yao. Lakini ni nani aliyewalazimisha kupanda juu ya paa? Ni umati uliojaa mpaka mlangoni. Hawakuwa watu wabaya. Walikuja kusikiliza Neno. Walikuwa tu wamesimama mahali ambapo mwenzao alihitaji kupita, na hatusomi kwamba hata mmoja alisogea.

TURUDI KWETU

Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 54, inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Tulikuwa na sheria ya mwaka 2003, na mwaka 2025 sheria mpya ikachukua nafasi yake. Sheria ziko. Sasa nendeni mkatazame jumba lenu.

Mara nyingi mfadhili aliyesaidia kujenga jumba la kikundi au nyumba ya wageni ya parokia alisisitiza kiwepo choo kimoja kipana cha walemavu. Kikajengwa. Leo ukifungua mlango unakuta nini? Viti vya plastiki vimepangwa mpaka juu, masufuria ya harusi, majembe, gunia la saruji iliyoganda. Kwa nini? Kwa sababu kilikuwa kipana, na kilikuwa tupu. Ni kile kile cha melini.

Na katika nyumba zetu za wageni, chumba kile cha chini chenye mlango mpana na bafu lisilo na ngazi hupewa nani? Hupewa mgeni rasmi. Anaheshimiwa kwa kupewa chumba kikubwa, na yule mama wa magongo aliyekuja semina anaambiwa apande ngazi polepole, Mungu atamsaidia.

Kikundi hakihitaji wizara wala mahakama kurekebisha hili. Njia ya melini inafaa hata kwa nyumba ya vyumba sita. Chumba cha chini kiandikwe cha mwisho katika kitabu cha wageni, kitolewe tu vingine vikijaa. Anayeshika nafasi aulizwe swali moja kabla ya mengine yote: "Kuna mtu kati yenu asiyeweza kupanda ngazi?" Katibu aandike jibu. Mkiogopa kupoteza pesa, wekeni saa. Kwa mfano, ikifika saa kumi na mbili jioni na hakuna mwenye kukihitaji, kitolewe kwa mgeni yeyote, naye aambiwe kwamba akija mwenye shida usiku atahama.

Kuhusu choo, toeni vitu leo. Kisha chukueni futi ya fundi mpime mlango. Ukiwa chini ya sentimita 80, fundi aupanue kabla hamjanunua rangi ya kuta. Kama kuna ngazi moja mbele, tengenezeni mteremko. Kipimo chake ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda. Ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa mita moja na sentimita 80. Mafundi wengi hufanya mfupi ili kuokoa saruji, na mteremko mfupi ni mkali. Kiti hurudi nyuma na mtu. Mwambieni fundi kipimo kabla hajaanza, na aliye na kiti kijijini aitwe akijaribu saruji ikishakauka.

Halafu kuna jambo la ufunguo. Choo cha walemavu kikifungwa kwa kufuli ili kisichafuliwe, ufunguo usikae kwa mwenyekiti ambaye siku ya soko hayuko. Utundikwe karibu na mlango wa jumba, kwa urefu ambao mtu aliyekaa anaweza kuufikia.